Akili na Bidii: Jawabu kwa Baba Aliyetaka Kumtoa Mwanawe Skuli

Imetufikia barua ya mzee mmoja katika wasomaji wetu wa pwani, mtu mwenye heshima yake, naye anauliza suala ambalo twadhani limo katika nyoyo za wazee wengi wasioliandika. Asema hivi: «Mwanangu ni wa miaka kumi na sita. Mwalimu wake ameniambia, na mtoto yupo akisikia, kwamba hana akili, na kwamba ada ninayolipa ni maji yanayomiminwa mchangani. Ninaye ndugu yangu mwenye duka Lalago, katika nchi ya Usukuma. Nimeazimu kumpeleka huko, kwani huko bara hapatakiwi akili. Panatakiwa nguvu na bidii tu. Je, nimefanya sawa? Na je, mtu hufaulu katika kazi yake kwa akili aliyozaliwa nayo, au kwa bidii yake?»

Masuala haya ni mawili, nasi tutalijibu la pili kwanza, maana jawabu ya la kwanza imo ndani yake.

Watu katika jambo hili wamegawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza husema: akili ni kipawa, aliyepewa amepewa, na aliyenyimwa, hata akikesha usiku kucha, atabaki alipo. Fungu la pili husema: akili ni maneno ya wavivu, mtu ni mkono wake, na anayelima sana ndiye avunaye sana. Kila fungu lina punje ya kweli, na kila fungu hutumia punje hiyo kufunika uwongo. Wa kwanza wapata udhuru wa kutomfundisha mtoto mzito. Wa pili wapata udhuru wa kumlaumu maskini, wakisema, «Kama angefanya kazi angekuwa na mali,» hali ya kuwa maskini yule ameamka kabla yao maisha yake yote.

Na kwa kuwa mzee wetu ameitaja Lalago, na ameitaja kama mahali pasipotakiwa akili, natuitazame Lalago yenyewe iwe shahidi.

Lalago imo katika wilaya ya Maswa, mkoa wa Simiyu, uliotengwa na mkoa wa Shinyanga mwaka 2012, makao yake makuu yakawa Bariadi. Imo katika njia itokayo Kolandoto kwenda Mwanhuzi. Watu wake walio wengi ni Wasukuma, wakulima na wafugaji, na mkoa wao ndio utoao pamba nyingi kuliko mkoa wowote wa Tanzania. Mtu wa pwani akipita katika gari, akamwona mkulima ameinama na jembe lake juani, atasema moyoni: «Hii ni kazi ya mgongo.» Lakini lau angeshuka akamwuliza mkulima yule, angejua kwamba mgongo ule unaongozwa na kichwa. Mkulima huyo hasemi «udongo» tu kama tusemavyo sisi. Udongo wa mchanga ulio juu karibu na majabali anauita luseni; ulio chini yake anauita itogolo; na ule mweusi wa bondeni, unaonata ukiwa na maji na kupasuka ukikauka, anauita mbuga. Kila mmoja ana zao lake na siku zake. Mvua za huko huanza mara nyingi mwezi wa Novemba, nazo hazina ahadi. Basi aliyepanda mapema mno hupoteza mbegu, na aliyechelewa mno hupoteza mwaka. Akisha kupanda yampasa kupunguza miche, kupalilia, kupambana na wadudu, kisha wakati wa kuchuma kuitenga pamba safi na pamba fifi, kwa kuwa bei zake si moja. Na akisha kuchuma yampasa kung'oa mashina yote na kuyachoma moto, ili wadudu wasipate pa kukaa mpaka msimu ujao. Mvivu huyaacha, na mjinga asiyejua sababu huyaacha vile vile. Wadudu hawamwulizi mtu aliyaacha kwa uvivu au kwa ujinga.

Twasema haya ili ijulikane kwamba kazi tuiitayo ya nguvu tupu, sisi ndio tusioijua. Kila kazi usiyoijua huonekana haina akili.

Sasa natuseme juu ya bidii ikiwa peke yake. Katika nchi hiyo ya pamba, kabla ya wakulima kuwa na vyama vyao, mkulima alikuwa akilima miezi saba au minane, akachuma, akajaza magunia, akayapeleka kwa mnunuzi. Hapo mizani ilikuwa ya mnunuzi, na msomaji wa mizani alikuwa mnunuzi, na mwandishi wa daftari alikuwa mnunuzi. Wakulima walilalamika kwamba mizani hiyo haisemi kweli. Tufanye hesabu kwa njia ya mfano: mtu akileta ratili 100, na mizani ikasema 90, basi katika kila siku kumi alizopalilia, siku moja amempalilia mtu mwingine bila ya kujua. Nani atasema mtu huyu hakuwa na bidii? Bidii alikuwa nayo tele, na ndiyo iliyokuwa ikiibiwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa Jimbo la Ziwa, na miongoni mwa viongozi wao kijana Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925, walifanya jambo dogo la kuangalia, kubwa la matokeo. Hawakuzidisha kulima. Waliweka wapimaji wao wenyewe, wenye kujua kusoma mizani, wakapima pamba kabla haijafika kwa mnunuzi. Jembe ni lile lile, na shamba ni lile lile. Kilichozidi ni watu wachache wanaojua kusoma alama za chuma na kuziandika. Kutokana na jambo hilo vyama vya ushirika vikaenea, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, chama kilichokuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika nzima. Basi tazama, mzee wangu: mahali hapo hapo unapodhani hapatakiwi akili, ujuzi wa kusoma mizani ndio uliogeuza mambo ya mamia ya maelfu ya watu.

Wala khabari haikuishia hapo, nasi hatutaficha mwisho wake. Mwaka 1966 serikali iliunda tume ya kuchungua vyama vya ushirika, nayo ikakuta katika vyama vingi uharibifu wa mali na viongozi wasiokuwa waaminifu. Waliojifunza kusoma mizani ili kuwazuia wezi, baadhi yao wakajifunza kuiba kwa daftari. Na wakulima nao, baadhi yao, wamekuwa wakitia maji na mchanga ndani ya pamba ili izidi uzito. Hiyo pia ni akili, na pia ina bidii yake! Kwa hiyo ajihadhari mwenye kusema kwamba kufaulu ni akili na bidii, akanyamaza. Mwizi hodari anazo zote mbili. Katika Kurani imo sura nzima inayoitwa kwa jina la wapunjao vipimo, nayo haikuwalaumu kwa uvivu wala kwa ujinga. Mtu aliyepata mali kwa kuipinda mizani hakufaulu katika kazi yake. Ameiharibu kazi yake, akapata mali.

Mfano wa pili wa bidii ni wa miti. Katika nchi ya Shinyanga, ambayo zamani ilikuwa pamoja na Maswa na Bariadi, palikuwa na misitu yenye mbung'o, wadudu wanaoua ng'ombe na kuleta malale. Tangu miaka ya 1920 watu waliitwa kwa maelfu kufyeka misitu hiyo kwa mashoka, ili mbung'o wakimbie na nchi ipatikane kwa malisho na mashamba. Kazi ile ilikuwa na faida yake, hatuikanushi: mbung'o walirudi nyuma na ng'ombe wakaongezeka. Lakini kukata kukaendelea, kwa mashamba ya pamba, kwa kuni na kwa mengineyo, mpaka nchi ikawa tupu na watu wakaanza kuiita jangwa. Mwaka 1986 ikaanzishwa kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iitwayo HASHI. Na dawa yake iliyofaa zaidi haikuletwa kwa meli. Ilikuwa ngitili, dasturi ya Wasukuma wenyewe ya kuyafungia malisho wakati wa mvua ili yapate kuliwa wakati wa kiangazi. Ardhi ilipoachwa ipumzike, mashina ya miti yaliyodhaniwa yamekufa yakachipua, na katika miaka iliyofuata ngitili zikazidi hekta 300,000. Twaona hapo kwamba kizazi kimoja kilitoa jasho katika kukata, na kizazi cha pili kilipata faida kwa kujua wapi pa kuacha. Bidii isiyouliza mwisho wake huweza kumtaabisha mtu mara mbili: mara ya kwanza katika kuifanya, na mara ya pili katika kuitengeneza.

Ama akili ikiwa peke yake, tazama Mwadui, magharibi ya Lalago, katika wilaya ya Kishapu. John Williamson, mtu wa Kanada aliyezaliwa mwaka 1907, alisoma ilimu ya mawe na ardhi mpaka akapata daraja ya udaktari wa ilimu hiyo katika chuo kikuu cha McGill. Kama ni akili na vyeti, alikwisha kuwa navyo. Lakini vyeti havikumwonyesha almasi. Alizunguka katika nyika za Tanganyika kwa miaka, akiwa na homa na akiwa na deni, akichimba na kuchekecha mchanga mahali baada ya mahali, mpaka mwaka 1940 alipolipata bonde la almasi la Mwadui. Mwaka 1947 lilitoka huko jiwe la waridi la karati 54 na nusu, alilompa binti wa mfalme wa Uingereza katika arusi yake. Alikufa mwaka 1958, jina lake likijulikana duniani.

Watu wakiisimulia khabari hii husema: «Bahati!» Bahati, yaani makadirio ya Mungu, hatuikatai. Lakini asiyekuwa na ilimu angeyakanyaga mawe yale asiyajue, na mwenye ilimu asiyekuwa na subira angerudi kwao mwaka wa pili. Hata hivyo tukiisimulia, tusiwasahau wale waliochimba na kubeba na kuchekecha pamoja naye na baada yake, maelfu ya watu wa nchi hiyo. Bidii yao haikuwa pungufu kuliko yake, na majina yao hayakuandikwa popote. Mwenye kusema kwamba kila mwenye bidii hulipwa kwa kadiri ya bidii yake, na aende kwanza akawaulize wajukuu wa watu hao.

Basi limebaki jambo lililo kiini cha barua ya mzee wetu: hiyo akili yatoka wapi? Je, ni kitu ambacho mwalimu aweza kumtazama mtoto wa miaka kumi na sita akasema, «Huyu hanayo»?

Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufa Misri mwaka 1406, alilizungumza jambo hili katika Mukadima yake. Alisema kwamba watu wa Maghribi waliosafiri kwenda Mashariki waliwaona watu wa huko ni wepesi wa ufahamu, wakadhani wameumbwa na akili zaidi. Yeye akaikanusha dhana hiyo. Kwa rai yake tofauti ile haikutoka katika maumbile. Ilitoka katika wingi wa kazi za mikono na mafunzo katika miji yao, kwani kila kazi mtu anayoijua vyema huacha athari katika nafsi yake, na athari hiyo humtayarisha kupokea nyingine. Kazi ikikaririwa mpaka ikathubutu ndani ya mtu, huwa malaka, yaani tabia iliyokita. Na malaka hiyo ndiyo tuionayo kwa nje tukaiita akili.

Na sisi watu wa pwani hatuna haja ya kwenda Tunis kutafuta ushahidi. Mtazame fundi wa jahazi. Hana ramani mkononi. Huupima mkuku kwa jicho, na kwa tezo yake huchonga taruma moja baada ya moja, na chombo kikishuka majini hakilali upande. Mgeni hustaajabu akasema, «Mtu huyu ameumbwa na akili ya ajabu!» Mwulizeni yeye mwenyewe. Atasema kwamba alipokuwa mtoto alikuwa akiokota vipande vya mbao na kuchemsha sifa, kwamba taruma yake ya kwanza ilitupwa, na kwamba bwana wake alimwonyesha palipokosewa kisha akamwambia achonge nyingine. Siri yote imo katika maneno hayo: alionyeshwa palipokosewa. Mtu aweza kukosea vile vile miaka ishirini kwa bidii kubwa, asizidi kitu. Bidii izaayo akili ni ile inayotazamwa: mtu afanye, aangalie alipokosa, aulize sababu, afanye tena. Bidii isiyotazamwa huzaa uchovu peke yake.

Atasema msemaji: «Je, wataka kutuambia kwamba watu wote ni sawa?» La. Twajua kwamba mtoto mmoja hufahamu hesabu kwa siku moja, na mwenziwe kwa wiki moja, na kwamba ziko kazi ambazo si kila mtu atazifikia hata akijitahidi. Kulikana hilo ni kumdanganya mtoto. Lakini mnunuzi wa pamba hamwulizi mpimaji alijifunza mizani kwa siku ngapi, humwuliza, «Ni kilo ngapi?» Aliyejifunza kwa siku moja, kisha akaacha kufanya, atakuwa amesahau, na aliyejifunza kwa wiki, kisha akafanya kila siku, atajibu sawa. Kazi nyingi za dunia, za duka na za shamba na za ofisi, hazihitaji wepesi wa siku ya kwanza. Zahitaji uaminifu wa siku ya elfu. Aliye mwepesi ana hatari yake pia, kwani jambo lililomjia bure hakuzoea kulitafuta, na siku litakapokuwa gumu hatajua pa kuanzia.

Na kiko kitu cha tatu, kisichokuwa akili wala bidii, ambacho mzee wetu hakukiuliza nacho ndicho kilicho mkononi mwake. Wapokezi wa khabari wanasimulia kwamba Abu Yusuf alikuwa mtoto wa watu maskini katika mji wa Kufa, akihudhuria darasa ya Imamu Abu Hanifa. Mzazi wake akamtoa, akamtaka atafute kibarua, kwani nyumbani hapakuwa na chakula. Imamu alipomkosa aliuliza khabari yake, na alipoijua sababu alimpa mfuko wa fedha, akamwambia akiisha aseme. Kijana akarudi darasani. Baadaye akawa kadhi mkuu wa Baghdadi katika zama za Harun al-Rashid, wa kwanza kuitwa kadhi wa makadhi, naye alikufa mwaka 798. Akili ilikuwa yake, na bidii ilikuwa yake, lakini mfuko ulikuwa wa mtu mwingine. Lau Imamu asingeuliza, «Yuko wapi yule kijana?», pengine Kufa ingepata mchukuzi mmoja zaidi, na watu wangesema kwamba hakuwa na akili.

Basi jawabu yetu kwako, mzee wetu, ni hii. Kumpeleka mwanao Lalago si kosa. Kazi ya duka ni kazi ya halali, na nchi ile ni nchi njema yenye watu wakarimu. Kosa limo katika sababu. Umempeleka kama mtu atupaye kitu kilichovunjika, naye anajua, kwa kuwa alisikia maneno ya mwalimu, kisha akaona matendo yako yanayasadiki. Atakwenda huko na hukumu hiyo kifuani, na kila atakapokosea hesabu atasema, «Niliambiwa.» Wala duka la Lalago halitamsitiri. Itampasa kujua kwamba fedha huonekana pamba inapouzwa, tangu mwezi wa Mei na kuendelea, na kwamba katika miezi ya palizi wateja huja na mkopo. Nani akopeshwe, na kiasi gani. Bidhaa ipi itakaa mwaka mzima ikiliwa na panya. Itampasa kujifunza lugha ya watu, aseme «mwangaluka» asubuhi kama wasemavyo wao, wala asicheke wanapomcheka. Hayo yote ni akili, nayo hujifunzwa.

Kwa hiyo twakushauri mambo matatu. La kwanza, mwite mwanao, umwambie kwa ulimi wako kwamba neno lile halikuwa haki. Ni zito kwa baba kusema hivyo, lakini ni jepesi kuliko kumwona mwanawe akiwa na miaka arubaini na bado analiamini. La pili, msimamishe muda wa miezi sita kabla ya kumtoa skuli. Kila usiku keti naye saa moja. Kama hujui hesabu zake, akufundishe wewe, kwani afundishaye huona palipompotea. Aandike katika daftari kila siku alichokosa na sababu yake. La tatu, ikiwa baada ya hayo mtaona, wewe naye pamoja, kwamba njia yake ni ya biashara, basi aende Lalago akiwa mwanafunzi wa kazi. Mwandikie ndugu yako asimpe magunia peke yake. Ampe na mizani, na ampe daftari, na amwonyeshe anapokosea bila ya kumtukana.

Na ikiwa ni ada iliyokulemea, na neno la mwalimu limekuwa kisingizio tu, jambo ambalo halina aibu, waambie jamaa zako na watu wa msikiti wako. Katika mji wa Waislamu haikosi kuwako mtu wa kuuliza yuko wapi yule kijana. Kisha tuandikie baada ya miezi sita, na mwanao naye atie mkono wake katika barua, tupate kujua khabari zake kutoka kwake mwenyewe.